Barafu Inayomeza Sauti: Kipimo cha Ncha ya Kusini na Uketo wa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili huikuta sauti katika kozi mbili. Katika fonetiki akustika tunaipima. Katika ushairi tunaipangia vina na mizani. Makala haya yanaifuata sauti hadi mahali ambapo kozi zetu hazifiki: ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini ya dunia, katika kina cha hadi mita 500, ambako kuanzia Januari 2007 wanasayansi waliteremsha vihisi vya sauti ili kujua barafu huibeba sauti kwa kasi gani na kwa umbali gani. Nia yao ilikuwa kutambua kama sauti ingeweza kuwasaidia kuinasa chembe iitwayo nyutrino.

Huenda msomaji akauliza mambo hayo yanaingiaje katika jarida la Kiswahili. Yanaingia kwa sababu matokeo ya jaribio hilo hayaelezeki vyema katika lugha yetu ikiwa tutaendelea kukitwika kitenzi kimoja, kufifia, mzigo wa mambo matatu ambayo mwanafizikia huyatenganisha. Hoja ya makala haya ni kwamba utengano huo tayari umo katika Kiswahili, tena umo katika sarufi yake, na kwamba kuuweka wazi ni kazi ya mwanafunzi wa lugha kama ilivyo ya mwanafizikia.

Katika shule za sekondari za Kenya fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, na Katiba ya 2010, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, haikuibadilisha hali hiyo darasani. Jirani zetu wa Tanzania walitangulia: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Sisi wa upande huu aghalabu huiacha kamusi hiyo rafuni tukidhani kwamba ni ya watu wa maabara. Mwandishi wa makala haya amefundisha Kiswahili katika shule za sekondari mjini Kitale na baadaye Bungoma, na mifano mingi itatolewa huko. Istilahi isiyoweza kueleweka na mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Bungoma haina budi kutiliwa shaka, hata iwe imetungwa na jopo la maprofesa.

Nyutrino na sababu ya kuifuata barafuni

Mnamo Desemba 1930 Wolfgang Pauli alipendekeza kwamba kuna chembe isiyo na chaji ambayo huchukua sehemu ya nishati iliyoonekana kupotea pale viini vya atomu fulani vinapotoa elektroni. Jina nyutrino ni la Kiitaliano na lilienezwa na Enrico Fermi. Maana yake ni kitu kidogo kisichoegemea upande wowote wa chaji. Kiitaliano hudogosha nomino kwa kiambishi tamati, ilhali sisi hudogosha kwa kiambishi awali ki- au kiji-. Kwa sarufi yetu, basi, chembe hii ingestahili kuitwa kijinyutro. Mwandishi hapendekezi hivyo, maadamu nyutrino limekwisha kuzoeleka. Anataja tu kwamba hata jina la chembe ndogo kabisa lina mofolojia ndani yake.

Clyde Cowan na Frederick Reines waliinasa chembe hiyo kwa mara ya kwanza mwaka wa 1956 karibu na kinu cha nyuklia nchini Marekani. Mwaka wa 1965 Reines na Friedel Sellschop walinasa nyutrino za asili, yaani zisizotengenezwa na binadamu, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand nchini Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi. Wanaodhani kwamba habari hizi ni za Wazungu na barafu yao pekee wanafaa kuukumbuka mgodi huo.

Tatizo la nyutrino ni kwamba hupenya karibu kila kitu. Takriban bilioni 60 zitokazo kwenye Jua hupita katika kila sentimita mraba ya mwili wako kila sekunde, wala huhisi chochote. Ili kuipata moja inayogongana na atomu, mtafiti huhitaji mada nyingi, safi na ipitishayo nuru. Ndiyo sababu mtambo uitwao IceCube ulijengwa katika Ncha ya Kusini na kukamilika Desemba 2010: kebo 86 zenye vihisi vya nuru 5,160 vilivyogandishwa kati ya mita 1,450 na mita 2,450 chini ya uso, katika kilomita moja ya ujazo ya barafu. Vihisi hivyo husubiri mmweko wa nuru ya buluu utokanao na mgongano. Mwaka wa 2013 watafiti wa IceCube walitangaza ushahidi wa nyutrino zenye nishati kubwa kutoka nje ya mfumo wetu wa Jua, na mwaka wa 2022 wakaihusisha galaksi ya NGC 1068 na baadhi yake.

Lakini nyutrino zenye nishati kubwa kupita zote ni adimu mno, hivi kwamba kilomita moja ya ujazo haitoshi. Vihisi vya nuru navyo haviwezi kutandazwa ovyo, kwa kuwa nuru haifiki mbali barafuni; kebo za IceCube ziko umbali wa takriban mita 125 kutoka moja hadi nyingine. Hapo ndipo sauti ilipofikiriwa. Gurgen Askaryan alikwisha kueleza mwaka wa 1957 kwamba chembe yenye nishati kubwa, inaposambaratika ndani ya mada, huipasha joto sehemu nyembamba kwa ghafla. Sehemu hiyo hutanuka, na kule kutanuka hutoa mlio.

Mkazi wa Kitale hahitaji maabara ili kuliamini jambo hili. Asubuhi za Julai mjini humo zina baridi ya kuuma. Jua linapochomoza na kuyapiga mabati, paa hulia ta! ta! pasipo mtu kurusha jiwe. Joto limeingia, bati limetanuka, sauti imetoka. Tofauti ni kwamba mlio wa nyutrino ni hafifu mno, na joto lenyewe huingia kwa muda mfupi usiokadirika kwa saa ya mkononi.

Theluji, barafu na kitu kisicho na jina

Kabla ya kuifuata sauti, hatuna budi kujua inapita katika nini. Kiswahili kina maneno mawili, yote ya kukopa. Theluji limetokana na Kiarabu, ambamo neno asilia hujumuisha theluji na barafu pia. Barafu limetokana na Kiajemi, ambamo neno asilia humaanisha theluji. Kiswahili kiliyapokea mawili hayo kisha kikayagawia kazi: theluji ni ile ianguka yo ikiwa laini, barafu ni ile iliyoganda ikawa ngumu. Ugawaji huo ni wetu wenyewe, na hauna kasoro kwa mtu anayetazama kilele cha Mlima Kenya kutoka mbali.

Katika Ncha ya Kusini, hata hivyo, unapungukiwa. Huko theluji haiyeyuki. Huanguka juu ya nyingine, ikashindiliwa na uzito wa miaka inayofuata, hadi katika kina kinachokaribia mita 200 inapokuwa barafu kamili. Mada iliyo katikati si theluji tena, wala haijawa barafu. Ingali na hewa kati ya punje zake. Mwandishi anapendekeza iitwe theluji-shindilifu, kwa kuwa kitenzi kushindilia kinajulikana na kila aliyewahi kufunga gunia la mahindi Trans Nzoia: unatia, unakanyaga, unatia tena.

Istilahi hii si pambo. Katika theluji-shindilifu kasi ya sauti huongezeka kadiri unavyoshuka, kwa sababu mada inazidi kuwa ngumu. Wimbi linalotoka juu na kuingia katika mada ya namna hiyo hupindwa na kurudishwa juu. Kwa hiyo kelele za mitambo na nyayo za watu juu ya uso hazifiki chini kwa urahisi. Ukisema tu kwamba sauti ilipita barafuni, umeliondoa tabaka zima linaloilinda barafu dhidi ya kelele za juu.

Kupima kasi

Jaribio lenyewe lilitumia mashimo ya IceCube, yaliyochimbwa kwa maji ya moto. Kebo tatu zenye vihisi na vitoa-sauti ziliteremshwa hadi mita 400 mnamo Januari 2007, na ya nne hadi mita 500 mnamo Desemba mwaka huo. Maji yaliganda, vyombo vikabaki humo. Kisha kitoa-sauti kingine, kinachoweza kuvutwa juu, kikateremshwa katika mashimo mapya ambayo maji yake yalikuwa hayajaganda, kikatoa mapigo kwa kufuata saa ya setilaiti. Umbali ulijulikana, muda wa kuondoka na wa kufika ukajulikana, kasi ikapatikana kwa kugawanya tu.

Katika kina cha mita 375 kasi ilikuwa takriban mita 3,878 kwa sekunde. Tuilete nyumbani. Kitale na Bungoma zimetengana kwa takriban kilomita 70 ukipima kwa mstari ulionyooka. Hewani, ambamo sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, mlio utokao Kitale ungehitaji karibu dakika tatu na nusu kufika Bungoma. Katika barafu ya aina hiyo ungehitaji sekunde 18.

Kulikuwa na wimbi la pili. Katika mada ngumu sauti husafiri kwa namna mbili: kuna wimbi linaloisukuma na kuivuta mada kuelekea upande linakokwenda, na kuna wimbi linaloitikisa mada kukingama na njia yake. Tuliite la kwanza wimbi sukumizi na la pili wimbi kingamo. Maji hayapitishi wimbi kingamo, lakini wimbi sukumizi lilipotoka majini na kuupiga ukuta wa shimo kwa mshazari, sehemu yake iligeuka kuwa kingamo ndani ya barafu. Kasi ya wimbi hilo ilipimwa kuwa takriban mita 1,976 kwa sekunde, karibu nusu ya mwenzake.

Faida ya kuwa na mawimbi mawili inafahamika na kila mtoto wa Bungoma, ambako radi si kitu cha kusimuliwa. Mtoto huuona umeme, huhesabu moja, mbili, tatu, kisha huisikia ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Vivyo hivyo, kihisi kimoja kikiyanasa mawimbi yote mawili, pengo la muda kati yake hudokeza umbali wa chanzo. Katika mita 125, sukumizi hufika baada ya takriban sehemu 32 za elfu za sekunde, na kingamo baada ya 63.

Kitenzi kufifia na mambo yake matatu

Sasa tufikie kiini. Kasi ilipatikana bila shida kubwa. Lililokuwa na uzito zaidi ni swali la pili: sauti hufika mbali kiasi gani kabla ya kutoweka? Nadharia ilikuwa na matumaini. Buford Price wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa amekadiria kwamba sauti ingesafiri katika barafu baridi ya Ncha ya Kusini kilomita 9 hivi kabla ya ukubwa wake kupungua hadi takriban asilimia 37 ya ulivyokuwa. Kama ingekuwa hivyo, vihisi vingeweza kutandazwa kwa umbali wa kilomita moja moja, na mtambo mkubwa mara nyingi kuliko IceCube ungepatikana kwa gharama ya kuvumilika.

Mwandishi alipowaeleza wanafunzi wa Kitale swali hili, wote walitumia neno lile lile: sauti inafifia. Ni Kiswahili safi. Rangi hufifia, mwanga hufifia, matumaini pia. Lakini tazama kauli ya kitenzi. Kufifia hakina mtenda. Sauti ilififia, basi. Hakuna wa kuulizwa. Ukitaka kumtaja mhusika sharti useme fifisha, na hata hapo hujamjua ni nani.

Mwanafizikia anapoisikia sauti ikipungua huuliza mambo matatu. Je, imeenea? Nishati ile ile iliyotoka katika nukta moja sasa imegawanywa katika eneo kubwa zaidi, kama ugali wa watu wawili uliokutana na wageni kumi. Hili hutokea hata katika mada isiyo na dosari, na hesabu yake inajulikana mapema. Je, imetawanywa? Barafu imeundwa kwa punje nyingi zenye mielekeo tofauti. Wimbi likigonga mipaka ya punje huelekezwa kando. Sauti ingali sauti, ila imepotea njia. Au je, imefyonzwa? Hapa haipo tena. Imegeuzwa kuwa joto ndani ya barafu.

Msomaji atambue kwamba kuenea hakihitaji mtenda, ilhali kutawanywa na kufyonzwa vimo katika kauli ya kutendwa. Kauli hiyo hudai jibu: kutawanywa na nini? Kufyonzwa na nini? Sarufi inauliza swali ambalo jaribio zima lilibuniwa kulijibu. Ndiyo sababu mwandishi anaikataa kauli ya kutendeka, kutawanyika, katika muktadha huu, japo imezoeleka zaidi masikioni. Kauli hiyo humficha tena mtenda tuliyekwisha kumwita barazani. Neno ufifio linaweza kubaki, lakini liwe jina la jumla la hasara inayosalia baada ya kuondoa kuenea, yaani utawanywaji na ufyonzwaji kwa pamoja. Umbali ambao wimbi hupungua hadi asilimia 37 kwa sababu hizo mbili tuuite umbali wa ufifio.

Kuupima umbali huo kulikuwa na mtego. Kihisi kilichogandishwa katika barafu yenye baridi inayokaribia nyuzi 50 chini ya sifuri hakisikii kama kilivyosikia maabarani, na vihisi viwili havisikii sawa. Ukilinganisha kihisi cha karibu na cha mbali, hujui kama tofauti imeletwa na barafu au na masikio. Watafiti waliepa mtego huo kwa kutumia sikio lile lile: kitoa-sauti kimoja kilihamishwa kutoka shimo hadi shimo, kila moja likiwa na umbali wake, na kila kihisi kikalinganishwa na nafsi yake. Ni kama kumketisha mwanafunzi mmoja darasani na kuipiga kengele ile ile langoni, kisha uwanjani, kisha barabarani, badala ya kuwauliza wanafunzi watatu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalikuwa mita 312, kukiwa na shaka ya makumi kadhaa ya mita juu na chini. Si kilomita 9. Ni karibu mara 30 pungufu ya kadirio. Tukiweka kando kuenea, kadirio la zamani lingeliacha wimbi na takriban asilimia 90 ya ukubwa wake baada ya kilomita moja. Kipimo kinaliacha na asilimia 4.

Nani alaumiwe? Hapa ndipo utengano wa istilahi unapolipa. Kama punje za barafu ndizo zinazotawanya, nadharia inasema hasara ingepanda kwa kasi ya kutisha pamoja na marudio ya mtetemo: ukiyaongeza marudio maradufu, hasara iongezeke mara 16. Watafiti walipima kati ya mitetemo 10,000 na 30,000 kwa sekunde na hawakuona ongezeko la namna hiyo. Kidole kinaelekea kwa ufyonzwaji. Sentensi hii ya mwisho haiwezi kuandikwa na mtu mwenye kufifia peke yake mfukoni.

Kelele isiyosikika

Kila mwalimu wa Bungoma ameshindwa na mvua. Saa tisa alasiri mawingu hufunga, mvua ikayashukia mabati, na somo likakoma hata kama mwalimu ana koo la simba. Sauti ya mwalimu haikupungua. Kilichopanda ni kelele. Kwa hiyo kuijua sauti hakutoshi, sharti upime na kelele ya mahali.

Neno kelele linasumbua kidogo hapa, kwa maana katika Kiswahili kelele ni kubwa na aghalabu ni ya watu. Kelele ya barafu ni ndogo ajabu: kati ya mitetemo 10,000 na 50,000 kwa sekunde ilipimwa kuwa chini ya milipaskali 14, pungufu ya sehemu moja katika milioni saba ya kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari. Tena mitetemo inayozidi takriban 20,000 haisikiki kwa sikio la binadamu, ingawa popo huimudu. Sauti nalo limetokana na Kiarabu na linabeba maana ya sauti ya mtu. Hata hivyo tumekubali kuliita sauti lile ambalo hakuna mtu awezaye kulisikia. Ikiwa sauti imevumilia upanuzi huo, kelele nayo itavumilia. Mwandishi anaona kelele za usuli latosha.

Milio ya ghafla ilisikika pia. Ilipofuatiliwa, ilionekana kutoka katika mashimo ya IceCube yaliyokuwa yakiganda upya na visima vilivyoyeyushwa ili kupata maji ya kuchimbia. Vihisi vilikuwa vikiwasikia wajenzi wao wenyewe.

Kutoka sauti hadi redio

Umbali wa mita 312 ulizima tumaini la kutandaza vihisi vya sauti kwa kilomita moja moja. Askaryan, hata hivyo, alikuwa ameacha njia nyingine: mwaka wa 1962 alieleza kwamba msambaratiko ule ule wa chembe hutoa pia pigo la mawimbi ya redio. Katika barafu baridi mawimbi hayo yana umbali wa ufifio unaoweza kuzidi kilomita moja. Tangu 2021 vihisi vya namna hiyo vimekuwa vikifukiwa katika barafu ya Greenland, na mipango ya kuipanua IceCube inahusisha antena za redio.

Atakayeieleza hatua hiyo kwa Kiswahili atakutana na kizuizi kingine mapema. Neno masafa tunalitumia kwa umbali, kama katika mbio za masafa marefu zilizowapa sifa vijana wa Mlima Elgon. Tunalitumia pia kwa marudio ya mawimbi, kama mtangazaji anapotaja masafa ya kituo chake. Katika habari za michezo au za redio hakuna atakayechanganyikiwa. Katika barafu maana zote mbili huingia sentensi moja: masafa ya mawimbi haya huathiri masafa yanayoweza kusafiri. Mwandishi ameisoma sentensi hiyo mbele ya darasa la Bungoma, na mikono ikainuka. Alipoiandika upya ubaoni kuwa marudio ya mawimbi haya huathiri umbali yanaoweza kusafiri, mikono ilishuka, na swali lililofuata lilikuwa la fizikia: je, marudio yakipanda, umbali hupungua?